Khamis, Hamisi, Amisi: Kanuni za Konsonanti Zinazomezwa



Kule Unguja mtoto wa kiume aliyezaliwa Alhamisi huitwa Khamis. Bara, tuseme Tabora au Kigoma, jina hilohilo huandikwa Hamisi. Huku kwetu Maniema, kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye daftari la shule, ni Amisi. Hassan naye alipita njia hiyo akawa Asani, Hussein akawa Useni, na Khadija, ambaye wengine humwita Hadija, sisi tunamwita Adija. Hakuna anayemwambia Amisi kwamba jina lake limepungua. Lakini tukiacha majina tukaingia katika maongezi ya kila siku, hukumu hugeuka. Anayesema ‘abari’ badala ya ‘habari’, ‘apa’ badala ya ‘hapa’, ‘uyu’ badala ya ‘huyu’, huambiwa kwamba anameza maneno, kwamba ana ulimi mvivu, kwamba anaharibu Kiswahili. Watu wa pwani huitoa hukumu hiyo, na sisi wenyewe huitoa kwa ukali zaidi dhidi ya watoto wetu. Nasema haina msingi. Konsonanti inayoanguka katika mazungumzo haianguki ovyo: inaanguka kwa kanuni, na kanuni yenyewe ni kwamba lugha huachia sauti pale inapokuwa na nguzo nyingine za kubeba maana. Kiswahili cha pwani, hicho tunachopimwa nacho, kimejengwa kwa maneno yaliyomezwa vivyo hivyo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia Kiswahili kipi. Livingstone alipofika Kabambare mwaka 1869 alikuwa katika msafara wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib, na lugha ya misafara ile ilikuwa Kiswahili. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, akaifanya Kasongo kituo chake kikuu. Waliokipeleka Kiswahili vijijini hawakuwa mabwana wachache wenye asili ya Unguja na Oman, bali Wangwana: wapagazi, askari, wasimamizi wa misafara, Wanyamwezi wengi, na baadaye vijana wa Kimaniema wenyewe, ambao wengi wao waliingizwa humo kwa nguvu, katika biashara ya pembe na ya watumwa ambayo kumbukumbu yake bado inauma. Kasongo ilipotekwa na majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1893, mabwana walibadilika, lugha ikabaki. Ikaitwa Kingwana, na jina hilo likawa na harufu ya dharau. Hata hivyo si kila mgeni aliyeidharau. Mwaka 1928 mmisionari wa Kibaptisti John Whitehead alichapisha huko Wayika, kwenye mto Lualaba, kitabu cha kufundishia Kingwana, na katika jina la kitabu akakiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja, si Kiswahili kilichoharibika. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Huku kwetu hakuna aliyeulizwa, maana tulikuwa chini ya Ubelgiji. Lakini kipimo kilichowekwa kule ndicho tulichokuja kupimwa nacho.

Sasa tutazame kinachoanguka. Cha kwanza ni h. Wanaisimu hawashangai, kwa sababu h ni konsonanti isiyogusa popote: midomo haikutani, ulimi hauendi kokote, ni pumzi tu inayopita kooni kabla ya irabu. Mwanzoni mwa neno huondoka bila kuacha alama: ‘abari’, ‘apana’, ‘atari’, ‘ivi’. Katikati ya irabu mbili zinazofanana huacha irabu ndefu, kama katika ‘baati’ na ‘maali’. Na h hii yenyewe, katika maneno ya asili ya Kiarabu, mara nyingi ilikuwa tayari imeshapunguzwa njiani. Kiarabu kina ‘kh’ nzito ya kukwaruza koo. Pwani iliilainisha, ‘khabari’ ikawa ‘habari’, ‘khofu’ ikawa ‘hofu’, ‘khamsini’ ikawa ‘hamsini’. Sisi tulichofanya ni kuchukua hatua iliyofuata. Ukiitazama safari nzima kutoka Maskati hadi Kabambare, huwezi kusema ni hapa uharibifu ulipoanzia. Wa pwani alikwisha kupiga hatua ya kwanza na akaiita sanifu.

Kuna pia maneno yanayofupishwa mwili mzima. La kwetu hasa ni ‘njo’. Pwani wana ndiye, ndio, ndiyo, ndicho, ndivyo, ndipo, kila moja na ngeli yake. Maniema, Kivu na Katanga tunasema ‘njo ule’, ‘njo vile’, ‘njo maana’. Neno moja limemeza ndugu zake wote. Linatumika mara ngapi kwa siku? Hapo ndipo penye siri. Mmarekani George Zipf alionyesha tangu mwaka 1935 kwamba katika lugha maneno yanayotumika sana ndiyo mafupi, na yanayotumika kwa nadra ndiyo marefu. Neno linalopita kinywani kila dakika ndilo linalolika kwanza, kwa sababu msikilizaji analitambua kabla halijamalizika. Neno la nadra hulindwa. Yuleyule anayesema ‘njo’ bila kufikiri atatamka kila silabi ya ‘mahakama’ akiwa mbele ya hakimu, labda h tu ndiyo itakayomponyoka.

Anayepinga atasema: yote hayo ni jina la heshima la uvivu. Watu hawa hawataki kujisumbua, basi. Hoja hii ndiyo ya kwanza kutajwa na ndiyo dhaifu kuliko zote, maana mvivu huacha kila kitu. Mdomo huohuo wa Maniema unaoachia h unatamka ‘mutu’, ‘muti’, ‘mutoto’ kwa irabu kamili, mahali ambapo wa pwani anasema mtu, mti, mtoto, akiwa ameimeza u. Mdomo huohuo unasema ‘njala’, ‘kuzala’, ‘kuvala’, ‘kufungula’, mahali ambapo sanifu inasema njaa, kuzaa, kuvaa, kufungua. Mwalimu akisikia ‘njala’ anasahihisha, akidhani mtoto ameongeza l isiyokuwepo. Ukweli ni kinyume chake. Kiganda husema ‘enjala’, Lingala ‘nzala’, Kiluba ‘nzala’, Kirundi ‘inzara’, na hata Wagiriama, majirani wa Waswahili huko Kenya, husema ‘nzala’. Jamaa nzima ina konsonanti pale. Ni Mswahili wa pwani aliyeimeza, zamani sana, kabla ya mmisionari Steere kuandika sarufi yake ya Kiunguja mwaka 1870 na kabla ya mwenzake Krapf.

Na asiyetaka kuamini lugha za jirani aamini Kiswahili sanifu chenyewe, kwa sababu maiti ya ile l haijazikwa. Chukua vitenzi vyenye irabu mbili mwishoni, kisha uvinyambue. Zaa hutoa zaliwa. Vaa hutoa valia, kaa hutoa kalia, fungua hutoa funguliwa, nunua hutoa nunulia, pokea hutoa pokelewa. L hiyo imetoka wapi? Wapo wanaosema imetiwa tu ili irabu zisigongane. Lakini kama kazi yake ni kutenganisha irabu, kwa nini haikuhitajika katika ‘kimbia’ au ‘zoea’, ambamo irabu zimekaa pamoja kwa amani? Na kuna ushahidi mwingine usiojibika kwa hoja ya mgongano: zaa hutoa mzazi, vaa hutoa vazi, kaa hutoa mkazi, pokea hutoa mapokezi, tembea hutoa matembezi. Ile z ni l ya kale iliyogeuka mbele ya i. Konsonanti iliyokufa katika kitenzi imeacha mtoto katika nomino. Si kila l iliondoka, ‘lala’ inazo zote mbili hadi leo, na mabadiliko ya sauti mara nyingi huacha mabaki ya namna hiyo. Hata hivyo jambo liko wazi: mwalimu anayemkaripia mtoto kwa ‘kuzala’ atakwenda ofisini kuandika cheti chenye ‘tarehe ya kuzaliwa’, na l aliyoikataa darasani ataiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Tuendelee kidogo, maana hapa pana utajiri. Neno ‘watu’ tunaliona safi. Lakini Kiluba kina ‘bantu’, na hilo ndilo umbo la karibu na la wazee. Pwani iliidhoofisha b ikawa w, kisha ikaiachia n iliyokuwa mbele ya t. Katika ‘mtu’ iliachia n hiyohiyo na irabu ya kiambishi juu yake, hata ‘muntu’ yenye sauti tano ikabaki na tatu. Kitetela, ndugu wa Kikusu cha Kasongo, kilipita barabara nyingine: kilihifadhi n na kuacha m na b za mwanzo, kikasema ‘onto’ kwa mtu na ‘anto’ kwa watu. Wote wawili wamemeza, kila mmoja mahali pake, na hakuna aliyebaki bila lugha. Mkusu anayesema ‘onto’ haambiwi kwamba ameharibu Kiluba.

Wala umezaji wa pwani haukukoma zamani. Mtu wa Dar es Salaam katika maongezi ya kawaida husema ‘saivi’ kwa saa hivi, ‘afu’ kwa halafu, ‘ntakuja’ kwa nitakuja, ‘amna shida’ kwa hamna shida. Wa Nairobi husema ‘saa hii’ kwa pumzi moja ikawa ‘saii’. Maneno kama mamangu na nduguye, ambayo vitabu vya sarufi vinayafundisha kwa heshima, ni ‘mama yangu’ na ‘ndugu yake’ yaliyobanwa hadi y ya ‘yangu’ na k ya ‘yake’ zikatoweka. Ukisikia mtangazaji wa Dar es Salaam akisema ‘afu’, unamwita mchangamfu. Ukisikia muuza samaki wa Kabambare akisema ‘alafu’, ambayo bado ina silabi zote tatu, unamwita asiyesoma. Tofauti haiko katika sauti. Iko katika kiti alichokalia msemaji.

Sasa nataka kuleta mfano wa Kiholanzi, na najua nitaulizwa kwa nini, basi nijibu kabla ya swali. Kiholanzi si lugha ya mbali na sisi. Mapadri Weupe wengi waliofanya kazi Kongo walitoka Flanders, na miaka ya 1970 waganga wa taasisi ya tiba ya kitropiki ya Antwerp walifanya Kasongo kuwa mahali pa kazi yao maarufu ya afya ya msingi. Lakini sababu kubwa ni kwamba hakuna lugha nyingi ambazo umezaji wake umepimwa kwa makini kama Kiholanzi. Mwaka 2000 mwanaisimu Mirjam Ernestus alitoa kitabu kizima juu ya mazungumzo ya kawaida ya Waholanzi. Neno ‘natuurlijk’, yaani ‘bila shaka’, lina silabi tatu katika kamusi. Katika maongezi hushuka hadi ‘tuuk’, silabi moja. ‘Eigenlijk’ hubaki ‘eik’. ‘Niet’, ambalo ndilo neno la kukanusha, hupoteza t yake na kuwa ‘nie’. N ya mwisho wa vitenzi kama ‘lopen’ huandikwa kila siku, na Waholanzi wengi hawaitamki kabisa, hata wakiwa na tai shingoni. Huko Flanders ya magharibi, wakulima na wanasheria huiacha h kama sisi: nyumba, ‘huis’, ni ‘uus’. Inawezekana kabisa kwamba padri aliyemsahihisha katekista wa Maniema kwa ‘abari’ alizaliwa katika kijiji kinachoiacha h vilevile.

Jambo lenye uzito kwetu ni jaribio ambalo Ernestus, Harald Baayen na Robert Schreuder walilichapisha mwaka 2002. Walichukua maneno yaliyofupishwa sana kutoka katika mazungumzo halisi, wakawasikilizisha Waholanzi. Neno likisikika peke yake, lilitambuliwa kama nusu ya mara tu. Likisikika ndani ya sentensi yake nzima, lilitambuliwa zaidi ya mara tisa katika kumi. Mwenye lugha yake mwenyewe, aliyezaliwa nayo, hawezi kulitambua neno lake likikatwa kutoka mahali pake, lakini katika mahali pake halimsumbui. Hiyo ndiyo nguzo ninayoisema. Msemaji anajua, bila kufundishwa, ni kiasi gani msikilizaji anaweza kujijazia. Msweden Björn Lindblom aliliweka jambo hili wazi mwaka 1990: msemaji hupima kila wakati kati ya wepesi wake na mahitaji ya anayemsikiliza. Kelele zikizidi, au mgeni akiingia, sauti zilizoachwa hurudi.

Tulete kipimo hicho nyumbani, mahali ambapo h ina kazi nzito kuliko zote: ukanushaji. Pwani hukanusha kwa h. Ikiwa Maniema imeiangusha h, je, tumepoteza uwezo wa kusema hapana? Tuhesabu. Kwa wakati uliopo, ‘hafiki’ inakuwa ‘afiki’. Kukubali ni ‘anafika’. Hakuna mgongano, kwa sababu ‘na’ imeondoka na i imekaa mwishoni. Nguzo mbili zimebaki baada ya moja kuanguka. Wakati uliopita, ‘hakufika’ inakuwa ‘akufika’, na kukubali ni ‘alifika’, ‘ku’ inatosha. Kwa ‘hajafika’ tunapata ‘ajafika’ dhidi ya ‘amefika’. Nafsi ya kwanza haina shida popote, maana ‘si’ haikuhitaji h tangu mwanzo. Wingi nao hauna shida: ‘hatutafika’ huwa ‘atutafika’, na ile a ya mbele inaitofautisha na ‘tutafika’. Ukichukua nyakati nne na nafsi sita, maumbo 24, mgongano unatokea katika mawili tu, yote ya wakati ujao: ‘hutafika’ ikawa sawa na ‘utafika’, ‘hatafika’ ikawa sawa na ‘atafika’. Mawili katika 24. Na hata hayo mawili msemaji ana njia ya kuyakwepa, akasema ‘awezi kufika’, umbo ambalo i yake ya mwisho inaondoa shaka.

Kuna umbo jingine la pwani lililosimama juu ya h peke yake, nalo ni ‘hu’ ya mazoea: ‘hufika saa mbili’. Ukiiondoa h hapo, unabaki na ‘ufika’, isiyoeleweka. Je, Kongo inafanyaje? Haitumii ‘hu’ katika maongezi. Mazoea tunayaeleza mwishoni mwa kitenzi: ‘anafikaka’. Sidai kwamba kuanguka kwa h ndiko kulikoleta kiishio hicho, maana kimo katika lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo h ilikuwa nguzo pekee, jengo letu limepata nguzo nyingine. Huo si mwenendo wa lugha inayobomoka.

Wapo wanaokubali kwamba kuna kanuni, lakini wanasema kanuni hiyo si ya Kiswahili: ni lugha za mama zinazotubana, Kibangubangu, Kizimba, Kikusu, Kirega, na ulimi wa mtu wa huku hauwezi h. Sehemu ya hoja hii naikubali. Lugha ya kwanza huacha alama, na hatuna sababu ya kuificha. Ila neno ‘hauwezi’ halisimami. Nenda kwenye chuo chochote cha Kurani cha Kasongo, umsikilize mtoto akisoma. Kiarabu kina h tatu, ya pumzi, ya koo na ya kukwaruza, na mtoto anazitenganisha moja moja, kwa sababu mwalimu wake hataki mchezo. Akitoka nje atamwambia mwenzake ‘kuya apa’, yaani njoo hapa. Ulimi unaweza, mazungumzo ndiyo hayahitaji. Isitoshe, Kifaransa, lugha yetu ya serikali, hakina h ya kutamkwa kabisa. Tunaandika ‘hôpital’ tunasoma ‘opital’, na hakuna inspekta wa shule aliyewahi kukasirika. Waliorithi Kilatini waliipoteza h hiyo zamani, na waliokuwapo waligombana juu yake kama sisi. Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa Thagaste, katika Maungamo yake aliyoyaandika mwishoni mwa karne ya nne, alilalamika kwamba watu wa zama zake walichukizwa zaidi na mtu aliyetamka neno la Kilatini la ‘binadamu’ bila h kuliko na mtu aliyemchukia binadamu mwenzake. Miaka zaidi ya 1600 imepita, na h ile haikurudi. Binadamu bado anachukiwa.

Pingamizi la shule lina uzito zaidi, na sitalipita mbio. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi darasani. Mtoto wa Kabambare anajifunza kusoma kwa Kiswahili. Akiandika ‘apa’ na ‘abari’, je, tumwachie? Hapana, simwachii. Maandishi yana kazi ambayo maongezi hayana: yanasomwa na mtu asiyekuwepo, wa Kigoma, wa Lamu, wa Bujumbura, wa miaka hamsini ijayo, na mtu huyo hana uso wa msemaji wala mazingira ya kumjazia. Kwa hiyo maandishi yanahitaji h zake zote. Ninachokataa ni kumfundisha mtoto h kwa kumwaibisha kinywa. Mtoto wa Kiholanzi anaambiwa: tunasema ‘lope’, tunaandika ‘lopen’. Wa Kifaransa anaambiwa h haisikiki lakini iko. Hakuna anayeambiwa mama yake hajui kusema. Wetu naye anaweza kuambiwa hivyohivyo, tena ana faida ambayo wenzake hawana: mwalimu akimwonyesha kwamba ‘kuzala’ ya nyumbani ndiyo iliyojificha ndani ya ‘kuzaliwa’ ya kitabuni, mtoto ataelewa mnyambuliko wa vitenzi haraka kuliko mtoto wa Unguja, ambaye l hiyo inamtokea kama mzuka. Kingwana chetu ni ufunguo wa sarufi ya sanifu, na tumekuwa tukiutupa mlangoni.

Limebaki pingamizi moja ambalo nalikubali lote. Yale maumbo mawili yanayogongana si mchezo yanapofika mahali pa hatari. Muuguzi akimwambia mama, ‘hutameza vidonge hivi na pombe’, na h isisikike, mama amesikia ‘utameza’. Akisema ‘hutampa mtoto maji haya’, mama amesikia ruhusa. Mazingira, ambayo nimeyasifu muda wote huu, mara nyingi yataokoa. Lakini mama aliye na homa, au anayeongea na mtu aliyetoka Bukavu asiyemzoea, hana mazingira ya kutosha. Redio ni mbaya zaidi, kwani msikilizaji haoni uso na hawezi kuuliza. Hapa kanuni ile ile niliyoitetea inatuonyesha dawa. Sauti huanguka pasipo madhara penye nguzo nyingine. Basi tunapotoa katazo tusitumie umbo lenye nguzo moja iliyo dhaifu. Kiswahili, cha pwani na cha kwetu, kina umbo la kukataza lisilohitaji h hata kidogo: usimeze, usimpe, asinywe, msichote. S haimezwi huku wala kule.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linaweza kuanza kesho. Wauguzi na wajumbe wa afya wa Kasongo na Kabambare, watangazaji wa redio, na ninyi makarani mnaosoma matangazo ya serikali sokoni: jambo lolote msilotaka watu walifanye, lisemeni kwa ‘usi’ na ‘msi’, msiliseme kwa ‘huta’ na ‘hamta’. Mengine yote, abari zenu na apa penu, semeni kama mlivyozaliwa mkisema.